Linux Mint kwa kazi za steshenari: maoni ya mhazili mstaafu

Nianze na jibu, maana wengi wanaoniuliza huwa na haraka. Ukiwa na kompyuta ya mezani iliyokataliwa na Windows 11, na kazi yako ni kuchapa, kuprinti, kuskani na kujaza fomu za mtandaoni, weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows. RAM ikiwa GB 8 chukua toleo lake la Cinnamon, ikiwa GB 4 chukua lile jepesi zaidi, Xfce. Lakini kama riziki yako inapitia QuickBooks, Tally au Photoshop, baki ulipo. Nitaeleza sababu huko mbele.

Mimi ni mhazili. Nilisomea Chuo cha Uhazili Tabora, wakati hatimkato na mashine ya chapa ndivyo vilivyompa mtu kazi, nikatumikia ofisi za serikali mpaka nikastaafu. Sasa nina steshenari hapa Morogoro. Wanaokuja ni wanafunzi wa vyuo wenye tasnifu, walimu wanaochapisha mitihani, wazee wenye mafaili ya mirathi, kamati za harusi, na vijana wanaotafuta ajira. Kwa hiyo mfumo endeshi siutazami kwa jicho la fundi. Naangalia kama barua itatoka na kichwa chake mahali pake, kama namba za kurasa zitakaa sawa, na kama siri ya mteja itabaki kuwa siri yake. Hayo ndiyo niliyofundishwa kuyalinda, na ndiyo niliyoyapima.

Mashine za dukani ni Dell OptiPlex 3020 na 7010, pamoja na HP ProDesk 600 G1. Mtu yeyote aliyewahi kununua kompyuta ya mtumba nchini anazijua, zinakuja kwa makontena baada ya ofisi za Ulaya na Ghuba kuzitoa. Ni vyuma imara. Prosesa zake ni Core i3 na i5 za kizazi cha tatu na cha nne, za kati ya 2012 na 2014. Windows 11 inataka RAM GB 4 na nafasi ya GB 64, na hivyo vyote zinavyo. Inataka pia prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na hapo ndipo zilipokwama. Windows 10 nayo ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wametoa nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida, mpaka Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa kuunganisha kompyuta na akaunti yao. Hiyo ni nafasi ya kujipanga tu, na muda wake unakimbia.

Njia inayojulikana mjini ni kumwita fundi akupigie Windows 11 kwa kuruka vigezo, kisha aiamshe kwa programu ya kuvunja leseni. Leseni halali ya Windows 11 Home ni dola 139, na ya Pro ni dola 199, na kwa duka lenye mashine kadhaa hesabu hiyo ni nzito. Naelewa kwa nini watu wanakwepa. Lakini programu za kuvunja leseni mara nyingi hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi, na aliyeitengeneza humjui. Mimi kwenye mashine hizo nachapa wosia. Nachapa mitihani ya mihula ambayo haijafanywa. Napokea taarifa za hospitali za watu ninaokutana nao sokoni. Siwezi kumfungulia nyumba mtu nisiyemjua halafu nikamwambia mteja kwamba faili lake liko salama. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mfumo mwingine, na nilitaka uwe halali tangu siku ya kwanza.

Nilivyojaribu vingine sitavieleza kwa urefu. ChromeOS Flex ya Google, ambayo ipo tangu 2022, ni nyepesi na ni bure, lakini maisha yake yote yako ndani ya kivinjari na akaunti ya Google, na haina duka la programu za Android. Inamfaa mtu wa kusoma habari na barua pepe. Kwenye kaunta, intaneti ikikatika kazi ya kuchapa lazima iendelee.

Ubuntu, nayo ya familia ya Linux, ndiyo niliyoifahamu mapema kuliko zote. Ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ikatoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, na kwa miaka mingi kampuni yake ya Canonical ilikuwa ikituma CD kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba, mpaka 2011. Naiheshimu sana. Ila sura yake ya sasa, ile inayoitwa GNOME, imepangwa kwa namna yake yenyewe, vitufe viko upande wa kushoto, na inakula RAM kuliko ninavyotaka kwenye mashine ya GB 4. Firefox yake huja katika kifurushi cha Snap, ambacho kwenye hadidiski ya kuzunguka huchelewa kufunguka mara ya kwanza.

Zorin OS, Linux nyingine, inatengenezwa Dublin na ndugu wawili, Artyom na Kyrill Zorin. Toleo la 18 walilitoa siku ileile Windows 10 ilipofikia mwisho. Ni nzuri kwa macho, na anayetoka Windows hapotei. Kuna toleo la bure na toleo la Pro la kulipia. Kama Mint isingekuwepo, ningekuwa na Zorin.

Mint ni mradi ulioanzishwa 2006 na Clement Lefebvre, Mfaransa, na makao yake yako Ireland. Unaendeshwa kwa michango ya watumiaji na wadhamini. Umejengwa juu ya Ubuntu, na Ubuntu yenyewe imejengwa juu ya Debian, mradi wa 1993. Familia ya toleo la 22 ilianza Julai 2024 na itapata masasisho ya usalama mpaka Aprili 2029. Tarehe hiyo ndiyo iliyonishawishi kwanza. Kompyuta ya 2013 ambayo bado ina miaka ya kuhudumiwa mbele yake, na sikutoa hata senti ya leseni.

Uzuri mwingine ni kwamba unaijaribu kabla hujaoa. Unapakua faili la karibu GB 3, na hapa bando la usiku ndilo linalofaa, unaliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, kisha unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo. Dell bonyeza F12 inapowaka, HP bonyeza F9, uchague flashi. Mfumo mzima unafunguka bila kugusa chochote kwenye diski. Hapo chomeka printa, chomeka skana, sikiliza sauti, unganisha simu kwa waya wa USB ukashee intaneti. Kushea kwa USB kulikubali papo hapo bila kutafuta draiva, na kwa mtu asiye na intaneti ya waya hilo ni jambo kubwa. Kila kitu kikiitika, ndipo unasakinisha. Kabla ya hapo hamisha mafaili yote kwenye diski ya nje, kwa sababu kisakinishi kitakuuliza kama kifute diski yote, na ukikubali kinafuta kweli.

Niseme hili kwa nguvu: kama bado unatumia hadidiski ya kuzunguka, nunua SSD ya SATA ya GB 240, diski isiyozunguka, kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna mfumo endeshi utakaoipa mashine ya zamani kasi kama inayoletwa na SSD. Wapo wanaoweka Linux juu ya diski iliyochoka halafu wanailaumu Linux.

Sura ya Cinnamon haikumsumbua mtu. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, mafaili yanafunguliwa kwa folda zilezile. Binti anayenisaidia kaunta alishika kazi asubuhi hiyohiyo. Wateja wa kawaida hawaoni tofauti. Wanafunzi ndio huuliza, "Mama, shikamoo, hii Word mbona ya namna hii?" Namjibu, "Marahaba mwanangu, leta flashi tuone." Na hapo ndipo mtihani halisi wa mfumo huu ulipo, kwenye hati.

Mint inakuja na LibreOffice, programu huria iliyochipuka 2010 kutoka OpenOffice. Kuna Writer ya kuchapia, Calc ya majedwali na Impress ya maonyesho. Swali la kila mtu ni kama inafungua mafaili ya Word bila kuyaharibu. Barua, wasifu, kumbukumbu za vikao, mikataba ya kupangisha nyumba, fomu za kawaida: zinafunguka sawasawa. Kinachohamisha mistari mara nyingi ni fonti. Hati ikiwa ya Times New Roman na wewe hunayo, LibreOffice inaweka Liberation Serif, ambayo herufi zake zimepimwa kwa upana uleule, hivyo mstari unakatika palepale ulipokatika mwanzo. Calibri ina mwenzake, Carlito. Cambria ina Caladea. Zote zinapatikana bure kwenye ghala la programu la Mint, na fonti zenyewe za Times New Roman na Arial unaweza kuziongeza kwa kifurushi maalumu cha fonti za Microsoft kilichomo humohumo. Tatizo liko kwenye Aptos, fonti mpya ambayo Microsoft 365 imeifanya kuwa ya kawaida. Haina mwenzake wa vipimo sawa, kwa hiyo hati ya Aptos ikifika kwangu kurasa zinasogea. Ninachofanya ni kumwomba mteja ruhusa ya kuibadili yote kuwa Times New Roman, na kwa tasnifu hilo mara nyingi ndilo chuo kinalolitaka hata hivyo.

Tasnifu ndiyo kazi yangu kubwa, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Kurasa za mwanzo zinataka namba za Kirumi, sura ya kwanza inataka kuanza na 1. Katika Word unakata hati vipande vipande, unatenganisha kijachini cha kipande hiki na cha kile, na ukisahau kutenganisha, namba zote zinavurugika. Writer ina njia nyingine. Unaunda mtindo wa ukurasa, kwa mfano mmoja wa kurasa za mwanzo na mwingine wa sura, kila mmoja na namba zake na pambizo zake, kisha unapokata ukurasa unaiambia ifuate mtindo gani na ianze na namba gani. Mwanzoni vidole vinakataa kwa sababu vimezoea kule. Vikishazoea, hutataka kurudi. Ukitaka ukurasa wa jedwali ulale kwa upana, unaupa mtindo wake, na kurasa za jirani hazitikisiki. Yaliyomo yanajitengeneza kutoka kwenye vichwa, mradi umevipa vichwa mitindo yake badala ya kukoleza wino tu. Hilo ni somo ambalo ningependa kila chuo kifundishe mwaka wa kwanza, liwe kwa Word au kwa Writer. Nimepokea tasnifu nyingi nzuri ambazo mwenyewe ameandika yaliyomo kwa mkono na nukta nyingi, na kila aya ikiongezeka, namba zote zinakuwa za uongo.

Marejeo yakiwa yametengenezwa kwa Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, Writer inaelewana nayo vizuri. Kiunganishi kipya cha Mendeley, programu nyingine ya marejeo, kimetengenezwa kwa ajili ya Word, kwa hiyo mwanafunzi wa Mendeley namwambia amalizie marejeo kwenye laptopu yake mwenyewe kisha aniletee nipange kurasa. Mitihani ya hisabati ina jambo lake pia: milinganyo iliyotengenezwa zamani kwa MathType inaonekana na inaprintika, lakini kuirekebisha ni shida, ni afadhali kuichapa upya.

Mambo mawili niliyobadili kwenye mipangilio siku ya kwanza, na ninamshauri kila mwenye duka abadili. Kwanza, Writer ihifadhi kwa muundo wa docx, maana mteja atakwenda kufungua kwenye Word. Pili, ihifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 2. Yenyewe imewekwa dakika 10, na umeme wetu hauwezi kukuahidi dakika 10. Na hati iliyokamilika itoke kama PDF, kuna kitufe chake juu kabisa, ili kilichoonekana kwenye kioo changu ndicho atakachokiona mkuu wa idara.

Kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili nayo imo kwenye ghala. Ukiiweka, ukamwambia Writer kwamba hati ni ya Kiswahili, mistari myekundu inapungua na inabaki pale penye kosa la kweli. Kwa mtu anayechapa Kiswahili kutwa nzima, hilo linapumzisha macho.

Sasa flashi. Mwenye steshenari yeyote anajua ugonjwa wa shotikati. Mteja anachomeka flashi, folda zake zimegeuka kuwa shotikati, mafaili yamefichwa, na akibofya ile shotikati virusi vinaingia kwenye kompyuta yako na kusubiri flashi ya mteja anayefuata. Duka moja likishika ugonjwa, mtaa mzima unaugua. Kwenye Mint, zile shotikati ni mafaili yasiyo na uhai, mfumo hauwezi kuziendesha. Na kile kificho kilichowekwa kwenye mafaili ya mteja Linux haikitilii maanani, hivyo folda zake za asili zinaonekana wazi zikiwa zimekaa palepale. Wapo waliolia hapa kaunta wakidhani tasnifu imepotea, tukachomeka flashi, na kazi yote ikawa mbele ya macho yao. Ninanakili mafaili yao, nafuta takataka zote zinazoishia na .lnk na .vbs, nawarudishia flashi safi. Kusafisha ni lazima, kwa sababu flashi ile inakwenda nyumbani kuchomekwa kwenye Windows. Sisemi kwamba Linux haiwezi kudhurika. Mtu akikutumia kiungo cha kitapeli ukaweka nywila yako, hakuna mfumo utakaokuokoa. Lakini ugonjwa ule wa flashi, ambao ulikuwa unanila muda na jina, umekwisha kwenye mashine hizi.

Kitu ambacho sijaona wengine wakikisema, na kwangu kina uzito kuliko vyote, ni kikao cha mgeni. Kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia, Mint ina sehemu ya kuruhusu mgeni. Haijawashwa yenyewe, unaiwasha. Mteja wa intaneti anaingia kama mgeni, anafungua barua pepe yake, anaomba mkopo wa HESLB, anapakia vyeti vyake kwenye mfumo wa ajira, anaprinti namba ya udhibiti. Akitoka, kila alichokiacha kinafutwa: nywila, vyeti alivyopakua, picha ya kitambulisho cha NIDA, vyote. Wangapi wameondoka kwenye maduka yetu barua pepe zao zikiwa wazi, na mtu aliyekaa baada yao akasoma? Sisi wenye maduka tunabeba dhamana ya watu ambao hata hawajui kwamba wametukabidhi kitu. Kwa ajili ya hiki kimoja tu ningehamia Mint hata kama Windows ingekuwa bure.

Mifumo hiyo ya serikali na ya vyuo inafanya kazi kwenye Firefox bila tatizo, kwa kuwa ni kurasa za mtandao. Mashine yangu ya risiti za EFD inasimama peke yake, haihitaji kompyuta.

Printa ni bahati na utafiti. LaserJet za HP zina draiva huria iliyotolewa na HP wenyewe, na nyingi unachomeka tu zinaandika. Epson za matangi ya wino zina draiva yake kwenye ghala. Lakini zipo printa ndogo za leza, za bei nafuu na zilizojaa madukani kwetu, ambazo zinategemea programu ya Windows kufikiri kwa niaba yao. Hizo zitakutesa. Ninayo moja ya namna hiyo, sitaitaja, na imebaki kwenye mashine yake ya zamani. Ndiyo maana nasema jaribu kwa flashi kwanza. Kuskani ni rahisi kupita nilivyotarajia: ile programu ya skana inayokuja na Mint inaunganisha vyeti vyote kwenye PDF moja na unachagua ubora, jambo la muhimu pale mfumo unapokataa faili kubwa.

Masasisho nayo yanakwenda kwa amri yako. Kuna alama ya ngao pale chini kulia. Ukiibofya unaona orodha, unaona ukubwa wake kwa MB kabla hujakubali, na unaamua kama utapakua sasa au usiku bando likiwa rahisi. Haikuzimii mashine katikati ya kazi. Kabla ya masasisho makubwa, unaiagiza programu ya Timeshift ipige picha ya mfumo ulivyo, kitu kikiharibika unarudi nyuma. Ila Timeshift inalinda mfumo tu, hati za wateja unazihifadhi kwa njia yako, kwenye diski nyingine.

Sasa upande wa pili, nao nausema bila kupunguza. Photoshop haipo kwenye Linux. Picha za pasipoti natengenezea GIMP, na inatosha: kukata, kubadili rangi ya nyuma, kupanga picha nane kwenye karatasi moja. Lakini mpiga picha wa harusi asije huku. QuickBooks ya mezani na TallyPrime zimetengenezwa kwa Windows, na mhasibu anayezitegemea asihamishwe kwa lazima. Jedwali la Excel lenye makro nyingi, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, kama yale ambayo baadhi ya miradi inatuma kwa ajili ya ripoti, mara nyingi halitembei vizuri kwenye Calc.

Pigo kwa steshenari ni Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi. Kadi za michango ya harusi, ratiba za ibada ya mazishi, vipeperushi vya kwaya, karibu vyote katika miji yetu vimetengenezwa kwa Publisher, na kila duka lina hazina ya violezo. LibreOffice Draw inafungua mafaili hayo lakini maandishi yanahama na mapambo yanapishana. Kwa sababu hiyo nimebakiza mashine moja ya Windows 10, imekatwa intaneti kabisa, kazi yake ni kadi tu na ile printa mkaidi. Lakini Microsoft wenyewe wametangaza kwamba Publisher itaacha kuhudumiwa Oktoba 2026, kwa hiyo hata anayebaki Windows atalazimika kuhama. Mimi nimeanza kuzijenga kadi upya kwenye Inkscape, programu huria ya kuchora, moja moja, kila zinapoagizwa. Mapambo ya Inkscape ni ya mistari, hivyo kadi ikikuzwa kuwa bango la ukumbini haiparaganyiki. Kwenye ratiba za kurasa nyingi natumia Scribus, programu huria ya kupanga kurasa.

Gharama kubwa ya Mint, kuliko yote niliyotaja, ni msaada. Ukikwama na Windows, fundi yuko kila kona. Ukikwama na Linux hapa mjini, utatafuta. Maelezo mtandaoni ni mengi na ni mazuri, lakini yako kwa Kiingereza, na mama mwenye duka Ifakara au Kilosa hatayatumia. Hili linaniuma. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, menyu zote, kwa kazi ya Watanzania wenyewe. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Leo ndiyo wakati tunaoihitaji zaidi, mashine zikiwa nyingi na leseni zikiwa ghali, na ningefurahi kuona vyuo vyetu vya TEHAMA vikiwapa vijana kazi ya kuandika miongozo ya Kiswahili kama mazoezi ya mafunzo kazini. Mimi nimeanza na daftari. Kila binti alipokwama, tumeandika tatizo na dawa yake kwa Kiswahili, na daftari liko chini ya kaunta. Mwenye duka jirani amelipiga nakala.

Kwa mwenye RAM ya GB 2: usianze na mfumo, anza na RAM. Mashine hizi za kizazi cha tatu na cha nne zinatumia DDR3, na vipande vya mtumba vinapatikana kwa mafundi wa kompyuta. Fikisha GB 4 uweke Xfce, ukiweza fikisha GB 8. Laptopu ndogo za zamani za biti 32 Mint 22 haizikubali kabisa. Aliye Morogoro na anataka kuona kabla ya kuamua, aje na flashi tupu ya GB 8 baada ya saa kumi jioni, foleni ikipungua. Namwandikia bure, na akitaka ajaribu kwa printa ya aina yake, aje nayo.